Barua ya wazi kwa viongozi wa chama chetu: mwambieni mzee habari ya miezi sita kabla hajatia saini

KWA: Mwenyekiti, Katibu, Mweka Hazina na Wajumbe wa Kamati
NAKALA: Mkurugenzi wa wakala wa bima anayepewa meza kwenye mikutano yetu, wanachama wote

YAH: USAJILI WA WAZEE KATIKA MIPANGO YA MEDICARE ADVANTAGE KWENYE SHUGHULI ZA CHAMA

Waheshimiwa viongozi,

Tunawasalimu kwa heshima, na kwa mliotuzidi umri, shikamooni. Sisi ni wanachama wenzenu wa chama hiki cha Waafrika wazungumzao Kiswahili hapa Ohio: wauguzi, watu wa ofisi za malipo hospitalini, na wanaojitolea kuwajazia wazee fomu za Medicare, yaani bima ya afya ya serikali ya Marekani ambayo wengi huipata wakifika miaka 65. Tuliwaandikia barua pepe mara mbili. Tuliomba dakika kumi kwenye kikao cha kamati. Jibu tulilopata ni kwamba jambo "litaangaliwa", na msimu wa usajili ukapita vivyo hivyo. Msimu mwingine unafunguliwa tarehe 15 Oktoba na kufungwa tarehe 7 Desemba, na meza ya wakala tayari imo kwenye ratiba. Ndiyo sababu tunasema mbele ya wote.

Neno letu kubwa ni moja. Mtu akishatimiza miaka 65 na kuwa na Sehemu B ya Medicare, anapewa miezi sita ambayo kampuni yoyote inayouza bima ya nyongeza, yaani Medigap, inalazimika kumpokea bila kumuuliza anaumwa nini, na bila kumpandishia bei kwa ajili ya ugonjwa wake. Miezi hiyo hutolewa mara moja tu. Kwenye meza yetu wazee wanatia saini ndani ya miezi hiyo hiyo, na hakuna anayewaambia kwamba ipo.

Kwa wanachama ambao umri huo haujawafikia, tueleze kwanza kinachochaguliwa. Njia ya kwanza ni Medicare ya serikali yenyewe: Sehemu A ya kulazwa hospitalini na Sehemu B ya madaktari, vipimo na matibabu ya kwenda na kurudi. Juu yake mtu hununua Medigap ili ibebe sehemu ambayo serikali haibebi, na mpango wa dawa wa Sehemu D. Anatibiwa na daktari yeyote nchini Marekani anayepokea Medicare. Njia ya pili ni Medicare Advantage: serikali inailipa kampuni binafsi fungu kwa kila mtu aliyesajiliwa, na kampuni inasimamia A na B, mara nyingi pamoja na dawa, kwa madaktari wa mtandao wake na kwa vibali vyake. Aliye kwenye Advantage hawezi kutumia Medigap. Zaidi ya nusu ya wenye haki ya Medicare sasa wamo kwenye njia hii ya pili, na wako wanaofaidika nayo kweli. Hatuandiki kuipiga marufuku. Tunaandika kwa sababu ya namna wazee wetu wanavyoingizwa.

Malalamiko yetu ni haya.

1. Neno "bure".

Kipeperushi kilichowekwa mezani kinasema mpango ni wa dola sifuri kwa mwezi. Sifuri hiyo ni ya ada ya kampuni peke yake. Ada ya Sehemu B, ambayo mwaka huu wa 2026 ni dola 202.90 kwa mwezi kwa watu wengi, inaendelea kukatwa kwenye hundi ya Social Security, ile pensheni ya serikali, kama kawaida. Halafu kuna malipo ya kila huduma: kumwona bingwa, kupigwa picha, kila siku ya mwanzo ya kulazwa. Mzee anayeambiwa "bure" anaelewa bure kama sisi wote tunavyoielewa, na bili ya kwanza ikifika anadhani amekosea kitu, anaikunja na kuiweka kabatini.

2. Miezi sita ambayo haitajwi.

Hapa ndipo penye uzito, kwa hiyo mtuvumilie.

Hesabu ya miezi sita inaanza siku ya kwanza ya mwezi ambao mtu ana miaka 65 au zaidi na Sehemu B yake imeanza kufanya kazi. Tarehe ya kuanza imeandikwa kwenye ile kadi ya karatasi yenye rangi nyekundu, nyeupe na buluu, kando ya maneno yanayotaja Sehemu B. Ikisema Machi 1, mlango unafungwa mwisho wa Agosti. Ndani ya muda huo mwenye kisukari, mwenye presha, aliyewahi kuwekewa chuma kwenye mshipa wa moyo na anayesafishwa figo mara tatu kwa wiki wote wanapokelewa sawa na mtu mzima wa afya.

Ukishafungwa, katika majimbo mengi kampuni ya Medigap ina haki ya kutuma fomu ya maswali ya afya, kusoma orodha ya dawa zako, kukukataa, au kukupandishia bei. Connecticut, Massachusetts, Maine na New York zina sheria zinazowalinda watu zaidi ya hapo. Ohio haimo.

Wakala husema, "Mama, usihofu, kila Oktoba unaweza kubadilisha." Sentensi hiyo ni kweli nusu, na nusu hiyo ndiyo inayoumiza. Kila Oktoba anaweza kutoka Advantage na kurudi Medicare ya serikali. Aliye tayari kwenye Advantage anaweza pia kufanya hivyo mara moja kati ya tarehe 1 Januari na 31 Machi. Kinachobaki bila dhamana ni Medigap ya kuweka juu yake. Mtu hutaka kuhama pale anapougua, na akishaugua ndipo Medigap inapomkataa. Anarudi kwenye Medicare ya serikali akiwa na asilimia 20 ya kila bili ya Sehemu B mgongoni, na asilimia hiyo haina kikomo.

Kuna nafasi moja ya kurekebisha, nayo haijulikani kabisa kwenye mikutano yetu. Aliyeingia Advantage alipopata Medicare kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 65 ana miezi 12 ya majaribio. Ndani ya miezi hiyo anaweza kutoka, akarudi Medicare ya serikali na kununua Medigap yoyote inayouzwa katika jimbo lake bila kuulizwa maswali ya afya. Maombi ya Medigap yanaweza kuanza siku 60 kabla bima ya Advantage haijakoma, na yasizidi siku 63 baada ya kukoma. Aliyeacha Medigap ili ajaribu Advantage kwa mara ya kwanza naye ana miezi 12 ya kurudia Medigap yake ya zamani kama bado inauzwa. Kati ya wazee waliosajiliwa kwenye meza ya chama msimu uliopita, wenye haki hii bado wamo ndani ya miezi hiyo. Kila mwezi kamati inapokaa kimya, kuna mwanachama anayepoteza haki hii pasipo kujua aliwahi kuwa nayo.

3. Hakuna hesabu inayofanywa mbele ya mzee.

Tuchukue mfano mmoja, kwa namba za 2026. Mzee anatakiwa kuwekewa dawa za saratani kwa dripu, na bei ambayo Medicare inaikubali kwa matibabu yote ya mwaka ni dola 60,000. Dawa za dripu zinazowekwa kliniki ziko Sehemu B.

Akiwa na Medicare ya serikali bila kitu juu yake, anatanguliza dola 283 za kuanzia mwaka, kisha analipa asilimia 20 ya kilichobaki. Hiyo ni dola 11,943.40. Jumla ni 12,226.40.

Akiwa kwenye Advantage, kikomo cha juu ambacho serikali inakiruhusu ndani ya mtandao ni dola 9,250 kwa mwaka. Mipango mingi ina kikomo cha chini ya hapo, lakini ni lazima mtu asome cha kwake. Kikomo huanza upya kila Januari 1: matibabu yakianza Oktoba na kuisha Machi, mzee anaweza kukifikia mara mbili.

Akiwa na Medigap ya herufi G, analipa zile dola 283, basi. Ila kila mwezi wa mwaka, mzima au mgonjwa, amekuwa akilipa ada ya Medigap na ya Sehemu D. Ada ya Medigap inategemea umri, kampuni, msimbo wa posta na uvutaji wa sigara, na hupanda miaka inavyokwenda. Huo ni mzigo wa kweli kwa mtu anayeishi kwa hundi moja, na hatutaki afichwe huo pia.

Herufi za Medigap zimewekwa kwa sheria. G ya kampuni hii na G ya kampuni ile zinalipa vitu vilevile hadi senti, kwa hiyo kinacholinganishwa ni bei, na jinsi kampuni inavyopandisha bei. N ni nafuu kidogo: mgonjwa huchangia hadi dola 20 anapomwona daktari na hadi dola 50 akienda chumba cha dharura bila kulazwa, na haimlindi na daktari anayetoza juu ya bei ya Medicare. F na C, ambazo wengine bado wanazisikia kwa jamaa zao, haziuzwi kwa aliyepata Medicare kuanzia tarehe 1 Januari 2020.

Hesabu ya namna hii inachukua dakika ishirini na karatasi moja. Mezani kwetu tableti inafunguliwa, mzee anaonyeshwa mahali pa kuweka kidole, na anayefuata anaitwa.

4. Vibali.

Katika Medicare ya serikali, huduma nyingi hazihitaji kibali cha awali. Katika Advantage karibu kila mpango unataka kibali kwa vitu vizito: kulazwa, kituo cha uuguzi, dawa za dripu, baadhi ya picha. Kwa hesabu za mwaka 2023 zilizochapishwa na shirika la utafiti la KFF, kampuni zilitoa uamuzi kwa maombi karibu milioni 50 na kukataa asilimia 6.4 ama yote ama sehemu. Waliokata rufaa walikuwa asilimia 11.7 tu ya waliokataliwa. Kati ya rufaa hizo, asilimia 81.7 zilibadilisha uamuzi. Kwa hiyo anayenyamaza ndiye anayepoteza, na mzee asiyesoma Kiingereza hunyamaza kwa sababu barua ya kukataliwa ina kurasa nyingi, na tarehe ya mwisho ya rufaa imezikwa katikati yake.

Wanachama waijue hasa karatasi moja. Mzee akiwa kwenye kituo cha uuguzi baada ya kuvunjika nyonga, kampuni ikitaka kuacha kulipa, lazima apewe notisi angalau siku mbili kabla. Kwenye notisi hiyo kuna namba ya simu ya wakaguzi wa nje, ambao si watu wa kampuni. Rufaa ya haraka inakatwa kabla ya saa sita mchana wa siku inayotangulia siku ya kukoma. Mtoto wa mgonjwa akija jioni baada ya kutoka kazini, akakuta karatasi chini ya sahani ya chakula, mara nyingi saa hiyo imeshapita.

5. Safari ya nyumbani.

Hakuna jamii yenye sababu ya kuuliza swali hili kuliko sisi, na hatujawahi kulisikia likiulizwa mezani. Medicare ya serikali, isipokuwa kwa mazingira machache sana, hailipi matibabu nje ya Marekani. Haitalipa Kisumu, haitalipa Mwanza, haitalipa Bukavu. Medigap za herufi C, D, F, G, M na N hulipa asilimia 80 ya dharura inayotokea ndani ya siku 60 za mwanzo za safari, baada ya mgonjwa kutanguliza dola 250 kwa mwaka, na kikomo cha maisha yote ni dola 50,000. Baadhi ya mipango ya Advantage ina kipengele cha dharura za nje, mingine haina.

La hatari zaidi ni muda wa kukaa. Anayetoka eneo la mpango wake wa Advantage kwa zaidi ya miezi sita mfululizo anaweza kuondolewa, isipokuwa mpango una ruhusa maalumu kwa wasafiri. Wazee wetu wangapi huenda kijijini Novemba kukwepa baridi, wakamalizia shamba, wakauguza ndugu, wakarudi Julai? Barua ya kuondolewa inafika kwenye nyumba iliyofungwa. Anayeondolewa hivyo hurudi Medicare ya serikali, na haki anayopewa ya kununua baadhi ya Medigap bila maswali ya afya inaisha siku 63 baada ya bima kukoma. Anarudi Julai hana mpango wa dawa, hana Medigap, na siku zimekwisha.

Wengine, wakitaka kuokoa pesa wakiwa nyumbani, huacha Sehemu B kabisa. Faini ya kuichukua tena ni asilimia 10 ya ada kwa kila miezi 12 kamili aliyokaa bila Sehemu B, na hulipwa maisha yote.

6. Wazee ambao jibu lao liko kwingine kabisa.

Swali la kwanza kwa kila mzee lingekuwa kuhusu kipato. Mwenye kipato kidogo anaweza kuwa na haki ya Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, au ya programu za kusaidia malipo ya Medicare. Ile inayoitwa QMB inamlipia ada ya Sehemu B, na daktari au hospitali haimdai zile asilimia 20. Kuna pia Extra Help, msaada wa kulipia dawa. Mtu huyu hahitaji kushindanisha Medigap na Advantage; anahitaji kupelekwa ofisi ya ustawi wa jamii ya kaunti na fomu mkononi. Baada ya hapo, mpango wa Advantage uliotengenezwa kwa wenye Medicare na Medicaid pamoja unaweza kumfaa vizuri, na tutamsaidia kuuchagua.

Yuko mzazi aliyeletwa na watoto wake. Hana robo 40 za kazi, yaani miaka kumi ya kukatwa kodi ya Medicare, na robo za mwanawe hazihesabiki kwake. Za mume au mke zinaweza. Huyu, akiwa na grini kadi na miaka mitano mfululizo nchini, anaweza kununua. Sehemu A ni dola 565 kwa mwezi mwaka huu kwa aliye na robo chini ya 30, na 311 kwa mwenye robo 30 hadi 39. Advantage inadai uwe na A na B zote mbili. Kumwandikisha jina kwenye karatasi ya wakala ni kumpotezea muda.

Wako wakimbizi, ndugu zetu wa Kongo wengi miongoni mwao. Sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025 imebakiza Medicare kwa raia, wenye grini kadi na makundi mengine machache. Mkimbizi aliye kwenye Medicare leo bila grini kadi anaweza kuipoteza ifikapo tarehe 4 Januari 2027. Mkimbizi anaruhusiwa kuomba grini kadi baada ya mwaka mmoja nchini. Tangazo hili lilipaswa kusomwa kwenye kila mkutano wetu tangu mwaka jana, kabla ya neno lolote la bima ya meno.

Na wako wanaofanya kazi bado, hasa akina mama wanaolea wagonjwa majumbani. Mwenye bima ya mwajiri wa watu 20 au zaidi anaweza kuchelewesha Sehemu B bila faini, na akiacha kazi ana miezi minane ya kuichukua. COBRA, yaani kuendelea na bima ya mwajiri baada ya kuacha kazi kwa kujilipia mwenyewe, haihesabiwi kuwa bima ya kazi. Aliyestaafu akakaa kwenye COBRA miezi 18 akidhani yuko salama hukuta miezi minane imeshapita na faini inamsubiri.

7. Pilau, zawadi na mtafsiri.

Kanuni za Medicare haziruhusu mlo kamili kwenye mkutano wa kuuza mpango, na zawadi haizidi thamani ya dola 15. Kama ni semina ya elimu, chakula kinaruhusiwa, lakini hapo fomu za kujiunga hazikusanywi. Mkutano wetu wa mwisho ulikuwa na pilau upande huu na fomu upande ule. Kamati ituambie ulikuwa mkutano gani.

Kuhusu lugha: kampuni inalazimika kutafsiri karatasi zake pale tu lugha inapokuwa ya angalau asilimia 5 ya watu wa eneo lake. Kiswahili hakifikii hapo. Lakini mkalimani wa bure ni haki ya mzee kwa sheria, na mjukuu wa miaka kumi na mbili si mkalimani. Mezani kwetu wajukuu ndio waliotafsiri.

Waheshimiwa, tunajua mtakayotujibu, kwa sababu mengine tumeshayasikia pembeni.

Mtasema wazee walitia saini wenyewe, ni watu wazima. Ni kweli. Lakini walitia saini kwa sababu Mwenyekiti alisimama na kipaza sauti akasema, "Huyu ni mtu wetu." Saini ile ilikuwa ya kukuaminini ninyi.

Mtasema Medigap ni ghali na wengi hawaiwezi. Wengine hawaiwezi, ndiyo, na kwa mzima wa afya ambaye madaktari wake wote wako kwenye mtandao na anahitaji meno na miwani, Advantage inaweza kuwa uamuzi wa busara. Medicare ya serikali hailipi meno ya bandia, miwani ya kawaida wala vifaa vya kusikia. Aamue hivyo akijua mlango gani unafungwa nyuma yake.

Mtasema wakala ana leseni na amefuata sheria. Leseni anayo. Mwaka 2025 kiwango cha juu cha kamisheni ya Advantage katika majimbo mengi kilikuwa dola 626 kwa mtu mpya, na dola 313 kila mwaka anapobaki. Kwa mpango wa dawa peke yake kilikuwa dola 109. Hatumsingizii wizi. Tunasema tu kwamba anayelipwa kwa saini si mtu wa kuachiwa peke yake kazi ya kumweleza mzee asitie saini leo.

Mtasema chama kinahitaji wadhamini kulipia ukumbi. Tuko tayari kuchanga. Tumeshawaandikia hivyo.

Tunachoomba ni hiki, na tunaomba kwa maandishi:

a) Meza ya wakala isiwekwe kwenye shughuli yoyote ya chama mpaka kamati ijibu barua hii mbele ya wanachama.

b) Kila aliyesajiliwa Advantage kwenye shughuli zetu ndani ya miezi 12 iliyopita apigiwe simu kwa Kiswahili, aambiwe tarehe yake ya mwisho ya kutumia haki ya majaribio, na aandikiwe tarehe hiyo kwenye karatasi. Wakala anayo orodha. Simu tutapiga sisi, bila malipo, wenyewe wakiridhia kupigiwa.

c) Mweka Hazina asome kiasi ambacho chama kimepokea kutoka kwa wakala kwa fedha, chakula au ukumbi.

d) Kabla ya Oktoba 15 aitwe mshauri wa OSHIIP, ofisi ya ushauri wa Medicare ya jimbo letu. Ushauri wao ni wa bure na hawauzi bima. Akae na mkalimani mtu mzima, saa mbili zisizopungua. Asiyeweza kufika apige namba ya Medicare yenyewe, 1-800-633-4227, na kuomba mkalimani wa Kiswahili.

e) Wakala yeyote atakayeruhusiwa baadaye amsomee mzee maswali haya kwa Kiswahili, na ajaze majibu kabla ya kufungua tableti: Sehemu B ilianza lini, na miezi sita inaisha lini? Kipato chako kinakuruhusu Medicaid au QMB? Madaktari wako ni nani, na wamo kwenye mtandao wa mwaka ujao? Dawa zako ni zipi na kwa kipimo gani? Kwa mwaka unakaa nyumbani Afrika miezi mingapi? Una grini kadi, au bado hati ya mkimbizi? Una bima ya kazi, na mwajiri ana watu wangapi? Karatasi aondoke nayo mzee, na asitie saini siku hiyo hiyo.

f) Kwa nakala iliyokwenda kwa wakala: ukikubali (b) na (e), tutakaa nawe meza moja.

Tunasubiri jibu ndani ya siku 21. Wakati huohuo, mwanachama yeyote mwenye mzazi aliyetimiza 65 karibuni asitusubiri sisi wala kamati. Achukue ile kadi ya rangi tatu leo, aangalie tarehe iliyo kando ya Sehemu B, ahesabu miezi sita.

Kwa heshima,

Wanachama wa kujitolea, kikundi cha fomu za Medicare
Ohio